Kumchukua mbwa aliyeokolewa mtaani ukiwa mpangaji wa ghorofani Nairobi

Mleta mada

Hamjambo wanajamvi. Ninaishi Nairobi peke yangu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo ghorofa ya tatu, na kazi yangu huniruhusu kushinda nyumbani siku tatu kwa wiki. Kwa muda wa mwaka mzima nimekuwa nikifikiria kumchukua mbwa kutoka kwenye makazi ya wanyama waliookolewa, hasa tangu mbwa mmoja jike alipozaa chini ya kibanda cha muuza mboga karibu na stendi yetu, na watoto wake sita wakatoweka mmoja mmoja, wawili nikiwa nimeshuhudia mwenyewe jinsi walivyokanyagwa na magari.

Nilikulia Kitui, ambako mbwa alilala nje, akala makombo, na hakuna aliyemwita kwa jina isipokuwa siku alipoiba. Kwa hiyo sijui lolote kuhusu mbwa anayeishi ndani. Najua kwamba KSPCA, chama cha kuwalinda wanyama ambacho asili yake ni mwaka 1910 na ambacho makazi yake yako Karen, huwakabidhi mbwa kwa watu walio tayari kuwatunza. Hata hivyo, kabla sijaenda mahali kama pale nikatazamwa na macho arobaini kupitia kwenye seng'enge, nikashindwa kurudi mikono mitupu, ningependa kusikia kutoka kwa waliotangulia. Je, mbwa aliyezoea barabara anaweza kukaa ghorofani bila kuteseka? Mwenye nyumba aambiwe kabla, au baada, kama marafiki zangu wanavyonishauri? Na je, nianze na mtoto wa mbwa au mbwa mzima?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalowarudisha mbwa wengi walikotoka. Mwenye nyumba aambiwe kabla, na jibu lake liwe kwenye karatasi. Mimi nilimwuliza wakala, akacheka, akasema hakuna shida mradi asibweke, nami nikayachukua maneno yale kuwa ruhusa. Mwezi wa nne mwenye nyumba mwenyewe alikuja kukagua tangi la maji, akamkuta mbwa wangu Njugu amejinyoosha mlangoni pangu, na juma lile lile nikapewa notisi ya kuhama. Wakala alikana kwamba tuliwahi kuzungumza. Nilihama mtaa kwa sababu ya mbwa wa kilo 14, na huo si mzaha ukizingatia kwamba mtaa niliohamia uliniongezea magari mawili kila asubuhi ya kwenda kazini.

Kuhusu ghorofa, usihangaike sana na nafasi. Mbwa wa mtaani hulala kivulini sehemu kubwa ya mchana, na chumba chenye utulivu hakimsumbui. Kinachomsumbua ni vitu ambavyo hajawahi kukutana navyo: ngazi, vigae, mlango unaofungwa nyuma yake, mashine ya kufulia inapoanza kuzunguka. Njugu alifika kwenye ngazi ya kwanza akalala chini kama gunia, nikambeba hadi ghorofa ya pili huku majirani wakitazama. Kupanda alijifunza baada ya siku tano kwa vipande vya maini ya kuchemsha, kimoja kwa kila kidato, lakini kushuka kulimchukua karibu wiki tatu, kwa kuwa mbwa akishuka huona shimo mbele yake. Vigae vilimtelezesha hadi nikatandaza mikeka mikuukuu kutoka chumbani hadi mlangoni, naye akawa anatembea juu ya mikeka tu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba hakujua kukojoa juu ya saruji. Alizoea udongo na nyasi, na uwanja wetu wote ulikuwa umesakafiwa. Siku ya kwanza alijizuia kwa saa nyingi mno hadi nikaingiwa na hofu, tukatoka nje ya lango, na alipofika kwenye kipande cha ardhi chenye majani kando ya barabara akasimama hapo kwa muda ambao sitauhesabu hadharani. Tangu hapo tukawa na ratiba: alfajiri, saa saba mchana kwa siku niliyo nyumbani, na usiku kabla ya kulala. Kinyesi nakiokota mwenyewe, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, natumia kurasa za magazeti ya zamani. Usidharau kazi hii. Majirani wanaweza kumsamehe mbwa kubweka usiku mmoja, ila kinyesi kilichoachwa mahali watoto wanapochezea hawakisahau.

Watu wa makazi ya wanyama wana hesabu wanayopenda kuitaja: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Katika siku tatu mbwa ana woga tu, katika wiki tatu anaanza kuielewa ratiba yako, na baada ya miezi mitatu ndipo unapomjua ni mbwa wa namna gani. Haiwi hivyo kwa kila mbwa, lakini maana yake niliiona nyumbani kwangu. Kosa langu lilikuwa kuwaalika wenzangu siku ya pili waje kumwona. Watu wanne walimzunguka wakimwita, wakamshika kichwa, mmoja akamwinamia usoni, naye akaingia nyuma ya jokofu akakaa huko hadi usiku wa manane. Sasa ningeulizwa, ningesema hivi: wiki ya kwanza mwekee maji, chakula na mahali pa kulala penye ukuta mgongoni, kaa chini katika chumba hicho hicho ukifanya kazi zako, usimtazame machoni, usimwite. Aje mwenyewe. Njugu alikuja siku ya sita, akanusa kiwiko changu, akaondoka. Nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi.

Kubweka ukiwa haupo kunahitaji mpango kabla hakujawa kesi. Acha simu inayorekodi sauti ndani ya nyumba, toka dakika mbili, rudi. Kesho dakika tano. Mimi nilifikia muda wa saa nne mfululizo baada ya mwezi na nusu, na katika kipindi hicho nilikuwa nimewaambia majirani wa kushoto na kulia kwamba ninajaribu, nikawaomba wanipigie simu wakisikia kelele badala ya kumpigia mwenye nyumba. Waliopewa nafasi ya kulalamika mapema hawakulalamika sana. Ujiandae pia kwa fataki. Kama uko karibu na Ngara au Parklands, msimu wa Diwali, sikukuu ya Wahindu, utakuwa mgumu, na mkesha wa mwaka mpya hakuna mtaa wa Nairobi ulio kimya. Funga madirisha mapema, mtoe nje kabla jua halijatua, na usimwachilie kamba hata kidogo usiku ule.

Kuhusu umri, chukua mbwa mzima. Mtoto wa mbwa anataka kutolewa nje kila baada ya saa mbili au tatu, anatafuna waya na viatu, na hujui atakuwa mkubwa kiasi gani wala ana tabia gani. Mbwa mzima unayemwona ndiye huyo huyo utakayeishi naye, na ndiye anayekaa muda mrefu zaidi kwenye makazi, kwa kuwa kila mgeni anayeingia huelekea kwenye banda la watoto.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma kwa makini, na nimeona ni vyema jirani naye asikike, kwa kuwa mimi ndiye huyo jirani. Niliumwa na mbwa nikiwa na umri wa miaka tisa, nikachomwa sindano, na hadi leo mguu wangu wa kulia hujivuta wenyewe nikisikia kucha za mbwa kwenye sakafu. Sisemi mleta mada asichukue mbwa. Ninasema kwamba ngazi ni moja, na mimi pia ninalipa kodi.

Neno linaloniudhi kuliko meno yenyewe ni "haumi". Kila mwenye mbwa husema mbwa wake haumi, na aliyeniuma mimi pia alikuwa akisifiwa hivyo. Ukinikuta kwenye ngazi, simama pembeni, fupisha kamba, mweke mbwa upande wa ukuta nawe uwe katikati yetu, kisha unisalimie kama ulivyokuwa ukinisalimia kabla hujawa na mbwa. Usimpe mtoto wa jirani ashike kamba. Usimwache mbwa peke yake kwenye korido hata kwa dakika moja wakati unatafuta funguo. Jirani yangu wa sasa hufanya hivyo bila kuambiwa, na tumekaa miaka miwili bila neno.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni daktari wa mifugo, na nitaongeza mambo ambayo mtu mwenye huruma hupenda kuyaruka.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, tiba karibu haipo. Hata hivyo unazuilika kabisa kwa chanjo. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka, na cheti chake ukihifadhi pamoja na mkataba wako wa nyumba, maana siku mtu atakapokwaruzwa kwenye lango, karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yenu wawili. Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na pia Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Mfugaji wa mjini anapaswa kujua kwamba zote mbili zinamhusu. Ulizia pia leseni ya mbwa kwenye ofisi za kaunti yako. Na yeyote aliyeumwa, hata na mbwa anayemfahamu, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa na majivu havitibu.

Niseme pia, kwa kuwa najua kuna wanaosoma uzi huu wakidhani dawa ya mbwa wa mtaani ni sumu, kwamba kuwaua mbwa peke yake hakumalizi kichaa. Kinachokimaliza ni kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia bila kuchoka. Kisiwani Pemba chanjo iliukomesha ugonjwa mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, ukakomeshwa kwa mara ya pili kwa chanjo ile ile.

La pili ni magonjwa ambayo mbwa wa mtaani huja nayo kimya kimya. Homa za kupe ndizo ninazoziona zaidi Nairobi: mbwa anakataa chakula, ufizi unapauka, na mara nyingine mkojo unakuwa na rangi ya chai nzito. Huyo asingoje kesho. Upo pia uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambao hutokwa na damu na kuwatisha wengi wakidhani mbwa amekwisha, ilhali kwa kawaida hutibika kwa sindano za kila wiki kwa muda wa mwezi hivi. Minyoo ni jambo la hakika, viroboto vilevile. Mbwa akitoka kwenye makazi yanayoendeshwa vizuri atakuwa ameshachanjwa, amepewa dawa ya minyoo, na amehasiwa au kufungwa kizazi. Ukimwokota mwenyewe barabarani, yote hayo ni juu yako, na mlete kwa daktari kabla hajaingia kwenye zulia lako.

Kufunga kizazi kusikuume moyo. Mbwa jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, mimba yake ni siku 63 hivi, na katika jengo lenye wapangaji, siku zile za joto madume ya mtaa mzima hulala langoni. Wale watoto sita wa kwenye kibanda cha mboga walianza hivyo.

Chakula hakihitaji kuwa cha kopo. Ugali na omena iliyochemshwa vizuri, au matumbo na wali na mboga kidogo, vinawatosha mbwa wengi wa saizi ya Njugu, mradi nyama isiwe kitoweo cha kuonja tu. Msimpe kitunguu, zabibu wala chokoleti, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vijiti vyenye ncha, muitupe kwenye pipa lenye kifuniko.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninaishi Nairobi katika jengo ambalo zaidi ya nusu ya wapangaji ni Waislamu, kwa hiyo naomba niguse jambo ambalo mleta mada atakutana nalo kwenye ngazi kabla hajaelezwa na mtu. Sisi wa pwani tulio wengi ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, na kwetu mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba, au nguo aliyoigusa akiwa na unyevu, huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wafuasi wa Maliki hawaoni hivyo, lakini hilo halimsaidii jirani yako aliyekwisha kutia udhu. Asiyejua hudhani tunawachukia wanyama. Katika Qur'ani kuna mbwa aliyelala kizingitini pa pango walimojificha vijana waumini, na nyama iliyokamatwa na mbwa aliyefundishwa kuwinda ni halali. Na sote tulifundishwa madrasa hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Mbwa mkavu akikupita hakuachii najisi. Shida ni mbwa aliyetoka kwenye mvua akajikung'uta kwenye korido, au anayekuja kukulamba mkono ukielekea msikitini. Katika jengo letu kulikuwa na mzee aliyekuwa akishuka kwa swala ya alfajiri saa ile ile kijana wa ghorofa ya nne alipokuwa akishuka na mbwa. Kwa miezi miwili mzee alirudi juu kubadilisha kanzu, akanyamaza, na kijana akadhani mzee ana tabia ya kusahau vitu. Siku walipozungumza hatimaye, suluhisho lilikuwa nusu saa tu: kijana alimtoa mbwa baada ya watu kurudi kutoka msikitini, na akaning'iniza taulo la kumkaushia mbwa nyuma ya lango. Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kununua kamba na bakuli, piga hodi kwa kila mlango mnaotumia ngazi pamoja, uulize saa zao.

Mleta mada

Narudi baada ya miezi mitano, kwa kuwa niliahidi kwa baadhi yenu pembeni kwamba nitaleta mrejesho.

Nilipiga hodi kwenye milango saba. Wawili walisema hawana neno. Mama mmoja aliuliza kama mbwa atakuwa mkali, akasikitika niliposema hapana, kwa sababu alitaka wezi wa viatu wakomeshwe. Mzee wa ghorofa ya kwanza alinieleza saa zake za swala zote tano bila kuulizwa zaidi. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu alisema waziwazi kwamba anaogopa, nami nikamsomea maneno ya mchangiaji wa pili kwenye simu, akacheka, akasema huyo ni yeye kabisa. Mwenye nyumba ndiye aliyenichukua muda mrefu zaidi. Barua yake ilikuja na masharti matatu: niongeze amana ya nusu mwezi, niwe na cheti cha chanjo kila mwaka, na nihamie nyumba ya chini itakapokuwa wazi. Nilingoja wiki tisa hadi ikawa wazi. Katika wiki hizo nilikwenda kwenye makazi mara mbili bila kuchukua mbwa, nikawatembeza tu wale niliokabidhiwa, na mara ya pili ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nikimtafuta yule yule kila mara bila kukusudia: dume jeusi lenye sikio lililochanika, ambalo lilikuwa limekaa pale muda mrefu na halikuja mbele ya banda hata siku moja.

Mtu wa makazi alikuja kukagua nyumba, akatikisa lango, akauliza mbwa atalala wapi na nani atamlisha nikisafiri. Swali hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria, na aliondoka bila kunipa jibu hadi nilipompelekea jina la dada yangu aliyekubali. Matatu haikuwa njia ya kumsafirisha. Nilimpigia dereva wa teksi mapema, nikamweleza abiria ni nani, nikabeba shuka mbili.

Nilimpa jina la Kisibiti. Alikaa chini ya sinki siku tisa. Alikula usiku nilipozima taa, na nilijua kwamba amekula kwa sauti ya bakuli tu. Sikumwita, sikualika mtu, ingawa dada yangu alinuna. Siku ya kumi nilikuwa nimeketi sakafuni nikijaza fomu za kodi, akaja akalala umbali wa hatua mbili, mgongo ukiwa umenielekea, jambo ambalo daktari wetu wa mtaa aliniambia ni heshima kubwa kuliko kulambwa. Bado anaogopa mwanamume yeyote aliyeshika fimbo, na hilo lilikuwa tatizo kubwa kwa sababu mlinzi wetu hushika rungu usiku kucha. Wiki za mwanzo Kisibiti alipita langoni tumbo likigusa chini. Mlinzi naye alikuwa akimwogopa, hivyo kila mmoja wao aliamini kwamba anaponea chupuchupu kila siku.

Nilimwomba mlinzi aweke rungu ndani ya kibanda tunapopita, akakubali shingo upande. Sikuomba zaidi ya hapo. Jana tulipotoka baada ya swala ya alfajiri, nilikuta kopo la rangi lililokatwa nusu likiwa limejaa maji safi kando ya kibanda, na Kisibiti akalielekea moja kwa moja, akanywa bila kunusa kwanza, kama mtu anayejua maji ni yake. Nilimtazama mlinzi. Alikuwa ameshughulika kufungua kufuli ambayo tayari ilikuwa wazi.